Nilivyomrudisha mwanangu darasani na waraka mkononi

Waraka wa Wizara ya Elimu wa kuwarudisha shule waliokatiza masomo, waliopata mimba wakiwemo, niliuchapa kwenye steshenari ya stendi, shilingi mia tatu kila ukurasa, seti tatu. Ya kwanza ya mkuu wa shule, ya pili ya afisa elimu kata, ya tatu nikaikunja kwenye bahasha ya kaki pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Ilikuwa Januari 2022, shule zimeshafunguliwa, na mimi na mwanangu tunapanda barabara ya vumbi kwenda kuomba nafasi aliyonyang'anywa mwaka mmoja na nusu nyuma.

Nikisema mwanangu, ni binti wa dada yangu. Mimi ni mama yake mdogo, ninashona nguo hapa Kilosa, na tangu yalipomkuta ameishi kwangu. Wazazi wengi wananiuliza tulipitaje, na wengine wanawajibia kwa kifupi kwamba waraka upo, nendeni tu. Waraka ulikuwepo kweli, na mlango ulikuwa bado umefungwa.

Mwaka 2020 shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa tena Juni 29. Mwanangu alikuwa Kidato cha Pili, ana miaka 16. Agosti wasichana wakapangwa foleni nje ya chumba cha matroni, nesi akawapima mkojo mmoja mmoja, wengine akawapapasa tumbo tu. Aliniambia baadaye kwamba majibu hayakumshtua, mwenyewe alishashuku. Kilichomuuma ni wavulana waliokuwa uwanjani wanacheza mpira, wanasimama kila msichana anapotoka mle ndani ili wamsome usoni. Saa sita mchana alikuwa njiani anarudi nyumbani na begi lake. Barua hakupewa. Na kwenye rejista, nimekuja kuiona kwa macho yangu, mbele ya jina lake kuna neno moja: mtoro.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini mtoro. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema anayempa mimba mwanafunzi anakwenda jela miaka 30. Ukiandika mimba, umejifungulia kesi: mwalimu aitwe polisi, aitwe mahakamani, agombane na kijiji kizima. Ukiandika utoro, daftari limefungwa. Kijana mwenyewe, dereva wa bodaboda, alihama wiki ileile. Wazee wa kwao wakaja kwa shemeji yangu, baba wa binti, na laki tatu, wakakubaliana yaishe nyumbani, kijana akirudi amwoe.

Hapo ndipo nilipoanza kuulizia sheria, mimi niliyeishia darasa la saba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia. Mahakama Kuu ilishasema Julai 2016, kwenye shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vivyo hivyo, lakini Bunge lilikuwa halijagusa kitu. Kwa hiyo kilichokuwa kinamkinga binti wa miaka 16 asiozeshwe ni uanafunzi wake, kwa sababu kumwoa mwanafunzi nako kuna hiyohiyo miaka 30. Siku aliyotolewa shuleni, ile kinga ilitoka naye getini. Shule ilimtoa kwa jina la maadili, na kwa kumtoa ikamkabidhi kwa wanaotaka kumwoza. Nilikwenda kwa shemeji usiku, nikamwambia, "Shemeji, hela ya watu irudishe. Mtoto naondoka naye mimi." Hakunisemesha hadi mjukuu wake alipozaliwa, Februari 2021.

Kikoba chetu kiliwahi kutoa wawakilishi wawili kwenye mafunzo ya siku tatu ya bajeti yenye mrengo wa kijinsia, yaani kuangalia fedha za umma zinawafikiaje wanawake na wanaume, na mmoja nilikuwa mimi. Siku ya pili mwezeshaji alituandikia ubaoni kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, akatuambia tutafute neno mimba. Tulitafuta kama watu waliodondosha sindano kwenye mkeka. Halimo. Kilichomo ni "kosa dhidi ya maadili", na kingine ni kuingia kwenye ndoa, basi. Nilikaa na jambo lile wiki nzima. Miaka yote tumeambiana kwamba sheria inasema mwenye mimba afukuzwe, kumbe ni tafsiri tu. Kuna mtu alikaa ofisini akaamua kwamba tumbo la msichana ni kosa la maadili, na kwa kuwa mwanamume hana tumbo la kuonekana, kosa likabaki la mmoja. Wengine wakaiga, ikazoeleka, ikawa utaratibu. Tangu siku ile nikisikia neno maadili kwenye kikao, nauliza kwanza nani anapimwa nalo.

Halafu Juni 22, 2017, pale Chalinze, Rais Magufuli alitamka kwenye mkutano wa hadhara kwamba katika utawala wake aliyepata mimba hatarudi shule. Hoja ilikuwa nyepesi kushikika: akirudi mmoja, wenzake wataiga. Hata mama ntilie stendi aliweza kuirudia. Zanzibar walikuwa wanawarudisha tangu 2010, Kenya tangu 1994, lakini hakuna aliyesimama kwetu akauliza huko imekuwaje. Kabla ya hapo walikuwepo walimu wakuu waliojua njia za pembeni, anamwandikia binti uhamisho kimya kimya, anaanza shule nyingine mbali na anakojulikana. Baada ya Chalinze njia zile zilifungwa.

Vita ya juu sisi tuliisikia redioni. Kwa sababu ya katazo lile, Benki ya Dunia ilizuia mkopo wa dola milioni 300 mwaka 2018. Januari 2020 mbunge wa upinzani Zitto Kabwe aliiandikia barua isiutoe, akashambuliwa vikali bungeni. Machi 31, 2020 Benki ikapitisha dola milioni 500 za elimu ya sekondari, na wasichana wetu wakapewa ahadi ya njia mbadala, yaani vituo vya kusomea nje ya shule ya kawaida. Kituo kilichokuwa karibu na sisi kuliko vingine vyote kilikuwa na nauli ya kwenda na kurudi, na ada juu yake. Miezi mitano baada ya mkopo kupita, mwanangu alipangwa foleni nje ya chumba cha matroni.

Novemba 24, 2021 nilikuwa kwenye cherehani, naziba suruali, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako akatangaza kutoka Dodoma kwamba waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, warudi kwenye mfumo rasmi. Rais alikuwa ameshabadilika, Mama Samia ana miezi minane madarakani. Niliacha mguu juu ya pedali, nikaita, "We mtoto, njoo usikilize!" Alikuja na mwanawe mgongoni. Hakusema neno. Alikwenda uvunguni kwa kitanda akatoa madaftari yake ya Kidato cha Pili, akaanza kuyapangusa.

Sasa turudi ile siku ya bahasha ya kaki. Mkuu wa shule alitupokea vizuri, akatupa viti. Waraka Namba 2 wa mwaka 2021 niliuweka mezani kwake. Hakuugusa. Aliuangalia hivi kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa pale, akasema, "Mama, mimi na huyu mtoto sina neno. Ila sijapata maelekezo. Hii si imetoka WhatsApp?" Nikamwambia ina namba, ina tarehe, soma. Akasema atasubiri barua ya mkurugenzi wa halmashauri.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na baadaye nikaelewa kitu ambacho hakuna mafunzo yaliyonifundisha. Mwaka 2017 kauli ya mdomo, isiyo na karatasi, ilitekelezwa hadi shule ya mwisho porini. Mwaka 2022 karatasi yenye namba ilihitaji mdomo wa mtu ili itekelezwe. Yule mwalimu hakuwa mkatili. Aliogopa, na katika kazi yake hakuna aliyewahi kupoteza cheo kwa kumfukuza msichana. Kumpokea ndiko kulikokuwa na hatari. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kumtafutia mtu wa kumtaja siku akiulizwa.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata, dada mmoja anayezunguka na pikipiki vitongoji vyote, ndiye aliyenipa akili. Aliniambia, "Dada, ukienda WDC, kamati ya maendeleo ya kata, na haki za binadamu watakusikiliza, watakushukuru, wataahirisha. Nenda na majina." Basi wanawake wa kikoba tukagawana vitongoji. Kwa wiki mbili, jioni baada ya shamba, tulibisha hodi nyumba kwa nyumba. Tulipata mabinti kumi na mmoja waliotoka shule tangu mwanzo wa 2020. Saba wana watoto. Wanne walitoka kwa kukosa mahitaji au kwenda kufanya kazi za ndani mjini, na rejista yao ilisema neno lilelile la mwanangu. Mmoja tulimkuta anapepeta mchele na mtoto amelala kwenye ungo wa pili. Alipotuona na daftari akajua tumekuja kumkamata, akaanza kulia.

Diwani wetu wa viti maalumu aliiingiza agenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kikao cha Februari. Nilialikwa niwasilishe. Nilikuwa nimejiandaa na ibara za Katiba, nimeziandika pembeni ya daftari. Kabla sijafika mbali, mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyemzika baba yangu, akasimama. "Binti yangu, tukiwarudisha hawa tunahalalisha. Kesho tutawaambia nini waliojitunza?"

Niliacha daftari. Nikasema, "Shikamoo baba. Nakubali swali lako. Naomba nami niulize moja. Kata hii wametoka mabinti saba kwa mimba. Mimba saba. Wavulana wametoka wangapi?"

Mtendaji wa kata aliinamia kitabu chake. Walimu wakuu wawili waliokuwepo walitazamana. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema taratibu, "Hapo sina jibu," akakaa. Sitasahau alivyokaa, polepole, ameshika magoti.

Lakini niseme ukweli wote, maana anayekwenda kwenye kikao kama kile anahitaji kuujua. Swali langu lilinyamazisha ukumbi, halikupitisha azimio. Kilichopitisha ni diwani wa kata. Mwishoni mwa 2021 nchi nzima yalijengwa madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO, yaani korona, na shule yetu ilipata mawili, bado yananuka rangi. Diwani akasema, "Mkurugenzi akija akakuta viti vitupu, nitamjibu nini? Warudisheni watoto wakae." Vichwa vikatikisika, muhtasari ukaandikwa, muhuri ukapigwa. Mpaka leo inaniuma kidogo kwamba viti vilikuwa na sauti kuliko watoto. Lakini muhuri niliupokea kwa mikono miwili, na ningeupokea tena.

Jumatatu iliyofuata mkuu wa shule alimwandika mwanangu mwenyewe, kwa mkono wake, na uso wake ulikuwa umekunjuka. Alikuwa na kikao cha kukitaja.

Si wote waliopita. Waraka unampa aliyekatiza masomo miaka miwili ya kurudi. Wawili kati ya wale kumi na mmoja walitoka Januari 2020, na wakati sisi tunasubiri tarehe ya kikao muda wao ulipita. Mmoja alianza QT, mtihani wa maarifa wa wanaosomea nje ya shule, akaishia njiani kwa ada. Mwingine ameolewa. Nikikutana naye gulioni ananisalimia kwa heshima, na mimi nakosa pa kuweka macho.

Na aliyepita naye hakupita kirahisi. Mtoto alikuwa na mwaka, bado ananyonya. Mwanangu alikaa na wenzake wa miaka 14, amevaa sweta la shule kwenye joto la Kilosa, saa tano asubuhi, kwa sababu chini ya sweta alikuwa amekunja vipande vya khanga kifuani maziwa yasipite kwenye shati jeupe. Niligundua siku nilipofua, vipande vimekauka vigumu kama kadibodi. Nilivichukua nikaenda navyo kwa matroni, nikavitandika mezani. Tangu siku hiyo alipewa ruhusa ya kutoka wakati wa mapumziko, mimi namsubiri chini ya mwembe nje ya geti na mtoto. Tulifanya hivyo miezi minne. Kulikuwa na mwalimu aliyekuwa anamwita "mama fulani" mbele ya darasa. Nilimfuata nikamwambia bila kupandisha sauti, "Mwalimu, mwanangu ana jina, na limo kwenye rejista yako." Aliacha.

Alifanya upimaji wa Kidato cha Pili Novemba 2022, akafanya mtihani wa Kidato cha Nne Novemba 2024. Amepata daraja la tatu. Anataka uuguzi.

Mwaka 2023 niliingia bodi ya shule kwa nafasi ya wazazi. Ninacho kitu kimoja ninachokifuatilia. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao walipeleka malalamiko kwenye Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, na mwaka 2022 kamati hiyo ikaamua, pamoja na mengine, kwamba Tanzania ikomeshe kuwapima wasichana mimba kwa lazima. Nimeisomea bodi uamuzi huo mara mbili. Mara zote mbili nimejibiwa kwamba litajadiliwa. Muhula huu foleni imepangwa tena nje ya chumba kilekile. Nimeomba iwe agenda ya kwanza, si mengineyo, na nimemwomba mwanangu aje aseme mwenyewe. Amekubali. Kikao ni Ijumaa.