Nilivyopima faida na hatari za dawa ya selimundu

Nimeishi na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu utotoni, na maumivu ya mifupa, kulazwa na kuongezewa damu nilikuwa nimevizoea kiasi kwamba daktari aliponishauri nianze haidroksiyurea, niliiogopa dawa kuliko ugonjwa. Dawa hiyo ilitumika kutibu saratani za damu kabla ya kuidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima wenye selimundu. Shangazi yangu aliposikia hayo aliniuliza, "Mwanangu, dawa ya kansa ya nini na wewe huna kansa?" Swali lake lilistahili jibu, nami nikalipeleka kliniki.

Daktari alinieleza kwamba dawa huuchochea mwili utengeneze tena aina ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ambayo kila mtoto huwa nayo akiwa tumboni mwa mama, na kwamba himoglobini hiyo hupunguza chembe nyekundu kujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Kwa uwazi uleule alisema kuwa dawa hukandamiza uboho, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, hivyo chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda zinaweza kushuka, na haifai kuitumia bila kupima damu mara kwa mara. Kwamba nafuu huchukua miezi kujitokeza. Na kwamba mwanamke anayeitumia hushauriwa asishike mimba.

Kushuka kwa chembe nyeupe kulinitia hofu zaidi, kwa sababu sisi tunaishi penye malaria. Ndipo daktari aliponieleza juu ya utafiti uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambao ulionyesha kuwa baada ya kuanza dawa, maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na hata vifo vilipungua. Mimi nilikuwa mtu mzima, na nililizingatia hilo, lakini angalau ushahidi ulitoka kwenye mazingira yanayofanana na yangu.

Kilichonisaidia kuamua ni kutazama kila hatari na kuuliza kama inaweza kugunduliwa mapema na kurudishwa nyuma. Chembe zikishuka, kipimo cha damu huonyesha, dawa husimamishwa kwa muda na kwa kawaida chembe hupanda tena. Kiharusi, figo kuchoka au kichwa cha mfupa wa paja kufa ni mambo ambayo mara nyingi hayarudi yalivyokuwa, na hayo yaliweza kunipata hata nikikaa bila dawa yoyote. Naamini wagonjwa wengi hatuelezwi vya kutosha kwamba kutotumia dawa nako kuna hatari zake. Kabla ya kukubali, nilihakikisha pia kwamba nitaweza kumudu gharama za vipimo, maana dawa hii bila vipimo ningeikataa.

Chembe nyeupe zilishuka mara moja. Dawa ilisimamishwa, kisha nikarudishiwa kwa kiwango kidogo zaidi. Maumivu yamepungua, ingawa hayajakwisha. Sasa mimi na mume wangu tunataka mtoto, na mizani imebadilika: itanibidi niache dawa kabla ya mimba, ilhali mimba yenyewe huweza kuongeza maumivu na upungufu wa damu. Tumeomba kumwona daktari wa selimundu pamoja na wa uzazi, ili tupange lini niache na nitafuatiliwa vipi, na hadi hapo naendelea na dawa pamoja na uzazi wa mpango.