Nahesabu siku hadi tarehe 14

Jumapili usiku, 2 Agosti 2009

Leo nimeiangalia tena ile trela ya filamu ya District 9, hata sijui ni mara ya ngapi sasa, na kwa intaneti ya hapa Morogoro inabidi uiache ijae kwanza ndo ubonyeze plei, kwa hiyo nimelipia kafe saa nzima kwa kitu cha dakika mbili na sijutii hata kidogo. Inatoka Marekani tarehe 14, Ijumaa ya wiki ijayo. Huku kwetu sijui lini ila mi nshaanza kutenga nauli, ikifika Dar tu nipo kwenye basi.

Kwa ambao hamjaisikia, ni hivi. Meli kubwa ya angani imesimama juu ya Johannesburg, haishambulii mtu, haiondoki, imening'inia tu pale juu. Waliokuwemo ndani, viumbe wa sayari nyingine, wameteremshwa wakawekewa kambi, kambi ikageuka mabanda ya mabati na uzio, miaka zaidi ya 20 imepita na sasa watu wa mji wamewachoka wanataka wahamishwe wapelekwe mbali. Wanawaita kamba, wale kamba wa baharini, yani hata jina lao la kweli hakuna aliyejisumbua kuuliza. Mwongozaji anaitwa Neill Blomkamp, kazaliwa hapo hapo Johannesburg, na jina la filamu ukilisikia tu unakumbuka District Six ya Cape Town, ile ambayo mwaka 1966 serikali ya makaburu iliitangaza kuwa ya wazungu peke yao na watu zaidi ya 60,000 wakaja kuhamishwa, nyumba zikavunjwa.

Lakini kinachonikosesha usingizi mimi ni kitu kimoja. Kwenye trela kuna kiumbe kakalishwa chumbani anahojiwa, wanamuuliza silaha zenu zinafanyaje kazi, na yeye anachotaka ni kurudi kwao tu. Anaongea kwa sauti za kukwaruza kooni ambazo binadamu hawezi kuzitoa, halafu chini yanapita maandishi unasoma anachosema. Basi. Nikiona yale maandishi namkumbuka kaka.

Kaka alienda bondeni, Sauzi, mwaka 2005, akapanga Alexandra, mtaa wa Johannesburg, alikuwa anauza mikanda na pochi barabarani. Kule mgeni mweusi anaitwa kwerekwere, na wenyewe wanasema neno lenyewe linaigiza sauti, yani ndo wanavyosikia wakikusikia unaongea kwenu, kwere kwere kwere. Mei 2008 vurugu zikaanzia huko huko Alexandra zikasambaa, waliokufa ni 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Sauzi wenyewe. Usiku wa pili walikuja vijana na marungu wakamsimamisha kaka getini, mmoja akakunja mkono akagusa kiwiko akamuuliza hiki kinaitwaje. Kaka alikuwa anajua Kizulu cha biashara, hela, mkate, maji, njoo, bei gani. Kiwiko nani anakuuliza sokoni? Akanyamaza. Mama mwenye nyumba, Mzulu mtu mzima, ndo alitoka na kanga yake kiunoni akawafokea akamvuta kaka ndani, na alfajiri akamsindikiza mwenyewe mpaka kituo cha polisi, ambako kaka alilala nje kwenye baridi wiki tatu na mamia ya wengine. Ni indololwane. Kaka analijua sasa, na mimi nalijua, na nadhani sitalisahau mpaka naingia kaburini.

Sasa sikia hii. Kabla ya hii filamu Blomkamp alitengeneza fupi ya dakika kama sita, Alive in Joburg, ipo kwenye mtandao. Kuna watu wa mtaani wanahojiwa wanalalamika kuhusu hao viumbe, mi nikadhani wameandikiwa maneno. Kumbe wapi, alikwenda akawauliza watu wa kweli wanawaonaje Wazimbabwe na wageni wengine wa Kiafrika, wakamjibu, akayabandika majibu yao kwa viumbe. Siku niliyosoma hilo nilitoka nje ya kafe nikakaa kwenye ngazi. Yale maneno hayakuigizwa, waliambiwa watu kama kaka.

Na mi nimekulia jirani na Mazimbu, hilo ndo linaloniuma zaidi. ANC, wale wapigania uhuru wa Sauzi, walipewa eneo hapa enzi za Mwalimu wakajenga shule yao, bibi alikuwa anawauzia vitumbua vijana wa kisauzi, nao hawakujua Kiswahili walipofika, wananyoosha kidole tu, bibi anahesabu kwa vidole nao wanacheka. Makaburi ya waliofia huku yapo mpaka leo. Nyumbani kwetu hao waliitwa wageni. Bibi hakuwa na neno lingine.

Hofu yangu ni nusu ya pili ya trela maana ni risasi na milipuko mwanzo mwisho, na Peter Jackson, yule mwongozaji wa Lord of the Rings, ndo prodyuza, hela ipo, naogopa isije ikawa mabunduki tu yule wa chumbani akasahaulika. Nataka akae kwenye skrini muda mrefu. Nataka watu wa Jozi waende sinema Ijumaa usiku na popkoni zao wamsome, sentensi nzima nzima, mtu ambaye hawezi kutamka neno hata moja la kwao.

Jioni nimempigia kaka, yuko Mbeya siku hizi ana kibanda cha simu. Nilikuwa naogopa kumgusia lakini nikamsimulia yote, meli, kambi, yule wa chumbani. Akakaa kimya nikadhani salio limekata. Halafu akauliza, "Sasa mwisho wanarudi kwao?"

Nikamwambia kaka sijui, haijatoka bado.

Akasema ikija nimwambie, atapanda basi.