Shangazi na Sufuria ya Maji ya Moto

Mwaka 2011, Tanga, niliteguka mguu wa kulia nikishuka daladala. Wayo uligeukia ndani, uzito wote ukaulalia. Shangazi alibandika maji, akatia chumvi, akanikanda na kunichua nusu saa nzima. Raha yake usiambiwe, ila magharibi ilipoingia hata ndala ilibana.

Jirani yetu, muuguzi mstaafu, ndiye aliyemzuia. "Wifi, maji ya moto yasubiri siku tatu." Mishipa midogo iliyochanika bado inavuja, joto huipanua, kuchua huichana upya.

Kwanza alitafuta kama mfupa umevunjika. Alibonyeza ukingo wa nyuma wa fundo la nje na la ndani, kutoka ncha hadi sentimeta 6 juu, kisha mfupa unaotokeza ubavuni mwa wayo, upande wa kidole kidogo. Akanitembeza hatua nne. Ningeshindwa kutembea, au mifupa hiyo ingeuma ikibonyezwa, ningepelekwa eksirei usiku uleule.

Barafu ilikuwa ile ya kuuza, ya vifuko vya nailoni. Aliiponda, akaifunga kwa kipande cha kanga kilicholoweshwa: dakika 15, kupumzika saa mbili, tena. Ikigusa ngozi tupu inaunguza kama moto.

Bendeji ya kuvutika ndiyo iliyonishinda. Yeye aliifunga wayo ukiwa pembe mraba na muundi, akianzia karibu na vidole na kupanda, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, akilegeza kidogo kadiri anavyopanda. Nilipoifungua kuoga nikaifunga mwenyewe kinyume, kutoka juu, nikiivuta kwa nguvu zote. Baada ya muda vidole vikapoa na kuwa vya zambarau. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu kama alivyonifundisha: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Haikurudi. Nikafungua upesi.

Na kuweka mguu juu ya kigoda, huku umekaa, hakusaidii sana. Nililala chali, mito miwili chini ya muundi, mguu ukapita usawa wa moyo.

Siku ya tatu weusi ulishuka hadi vidoleni, shangazi akashika kichwa. Jirani akacheka: damu iliyovilia inafuata mteremko. Akaniambia nianze kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu huo, A hadi Z, mara tatu kwa siku.

Siku ya nne shangazi akaruhusiwa kurudi na sufuria yake. Chumvi alitia vilevile.