Siku yangu studio inapangwa na masikio

Saa 2 asubuhi. Njiani sikuweka muziki wowote. Masikio yakiwa hayajachoka ndio muda wa kumiksi, yaani kusawazisha sauti zote za wimbo; mengine yote yatasubiri. Naucheza wimbo wa jana mwanzo hadi mwisho bila kugusa kompyuta, nikiandika tu kinachonikera. Leo ni mawili: kiki (ile ngoma nzito ya mguu) na besi vinagombania nafasi, na kila mwimbaji akitamka "s", inachoma.

Kiki uzito wake uko karibu na Hz 60, kwenye sauti nzito za chini, na besi nayo imejaa papo hapo. Kishawishi ni kuipandisha kiki. Mimi naipunguza besi mahali hapo tu, na kiki inatokeza yenyewe. Zile "s" nazipunguza kwenye sauti kali za juu, kuanzia kHz 6 hivi, taratibu, maana ukizidisha mwimbaji anageuka mwenye kithembe.

Spika ziko chini kiasi kwamba tungeweza kupiga soga. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi hafifu zaidi. Ukimiksi kwa kelele utaridhika na besi haraka, halafu msikilizaji wa sauti ya chini ataitafuta asiione.

Saa 5. Mapumziko, kimya kabisa. Nikirudi nausikiliza kwenye simu. Maneno yote yanasikika? Basi.

Saa 7 mchana, mwimbaji anaingia. Maiki ya kondensa, volti 48 za kuiendesha zimewashwa, yeye yuko umbali wa shibiri moja. Kwenye majaribio waimbaji hujibania, kiitikio kikifika wanafunguka, kwa hiyo naacha nafasi: kilele kisizidi dB -10, maana sifuri ndiyo mwisho, ikipita sauti inakwaruza. Ukirekodi kidijitali kwa biti 24, hata sauti ndogo inanaswa safi; hakuna haja ya kusukuma.

"Prodyuza, niwekee mwangwi kidogo nijisikie."

Nampa, lakini kwenye hedifoni tu. Kinachorekodiwa ni kikavu. Ubeti wa pili anaimba sawasawa, kila noti mahali pake, na bado hauniingii. Namwambia, "Dada, usiimbie ukumbi. Mwimbie mtu mmoja, kakaa hapo karibu." Sauti inashuka, neno la mwisho linakatika kidogo. Hilo halirekebishwi na mtu! Hata majaribio huwa narekodi bila kutangaza, kwa sababu taa nyekundu inawatisha wengi.

Kabla hajaondoka tunaandika asilimia za umiliki wa wimbo: nani katunga maneno, nani melodi, nani mdundo. Tunasaini hapo hapo. Maprodyuza wengi wanaona aibu kulitaja jambo hili wimbo ukiwa bado hauna thamani, wakati huo ndio muda pekee ambao haligombanishi mtu.

Saa 10 jioni. Kuchagua vipande bora vya sauti ya mwimbaji na kuviunganisha. Pumzi nazishusha kidogo, sizifuti zote. Mwimbaji asiyepumua anatia wasiwasi.

Saa 12. Mteja mwingine anaandika kwamba wimbo wake una sauti ndogo kuliko nyimbo za wenzake, niubane zaidi usikike kwa nguvu. Namjibu kwamba kwa mipangilio yake ya kawaida Spotify inaziweka nyimbo karibu na LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Tukiubana, watautelemsha tu, na ngoma zitakuwa zimeshakufa. Hajafurahi. Nitamtumia matoleo mawili, lililobanwa na lisilobanwa, kwa sauti sawa achague.

Nakala za faili kwenye diski mbili, moja inalala kwingine. Miksi ya asubuhi siigusi: saa hizi kila kitu kinasikika butu, ningeongeza ukali usiohitajika.