Jina lililo kwenye uwanja wa West Point

Jana tulitembelea West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani huko New York. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani uko kando kabisa ya bwawa, maji yanaonekana ukiwa jukwaani. Umepewa jina la Dennis Michie, na habari zake zimenigusa mno. Alizaliwa palepale, baba yake profesa wa chuo. Ndiye aliyeunda timu ya kwanza, nahodha yeye, kocha yeye. Novemba 1890 timu ya chuo cha wanamaji ikawachapa 24–0, tena nyumbani! Mwaka uliofuata akawaongoza wenzake hadi Annapolis, kwa hao wanamaji, wakalipiza kisasi 32–16. Jamani, moyo ule! Akahitimu, akawa ofisa wa jeshi. Tarehe 1 Julai 1898 aliuawa vitani Cuba, San Juan. Miaka 28 tu. Njia nzima nimewasimulia wanangu.