Eisii inapoza asubuhi, mchana inagoma

Jamani, kabla hujakubali kuuziwa kompresa mpya, angalia klachi yake kwanza, yaani kile kinachoishikanisha kompresa na puli yake. Eisii ya gari langu ilikuwa inapoza vizuri asubuhi, injini ikishashika moto inaleta hewa ya uvuguvugu. Gesi ipo ya kutosha. Nikafungua boneti, nikawasha eisii: puli inazunguka na belti, lakini ile sahani ya klachi iliyo mbele yake imesimama tuli. Nikapima waya wa koili, ile sumaku ya umeme inayoivuta sahani ishikane na puli: volti 12 zinafika. Basi fyuzi, rilei na swichi ya presha havina kosa.

Shida ilikuwa nafasi kati ya sahani na puli. Sahani ikilika, nafasi inaongezeka. Koili nayo ikipata joto, sumaku yake inapungua nguvu, inashindwa kuivuta. Nikazima injini, nikaingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi): karibu milimita 1! Klachi nyingi hutaka kama 0.3 hadi 0.6, ila fuata kitabu cha gari lako. Ndani kuna washa, vipete vyembamba vya kurekebishia nafasi hiyo. Nikatoa moja, na sasa inashika "ta!" hata jua la saa nane.

Ila ukikuta sahani imeungua au beringi ya puli inalia, kutoa washa hakusaidii. Badilisha klachi.