Mguu wa fremu

Jana kijana wangu wa kazi alikuwa amepiga magoti mlangoni, kipande cha boksi mkononi, anachora umbo la fremu ili aukate ubao wa sakafu uifuate kona kwa kona. "Fundi, si tukate tu hivi, halafu tuzibe kwa gundi na vumbi la mbao?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeshafika Tanga, kwa yule mama wa chumba cha mita 4.

Ile kazi niliifanya Februari, jua kali, mbao za mninga zimekauka vizuri. Hazikupigiliwa misumari, zililala juu ya povu la milimita 2, ulimi wa ubao mmoja umeingia kwenye mfereji wa mwingine, gundi kidogo. Kwenye kuta niliacha nafasi ya milimita 10, skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, ikaificha. Mlangoni sikuacha hata ya kupitisha karatasi, na nikasifiwa kwa hilo.

Aprili, katikati ya masika, simu ikaita. "Mwanangu, chumba changu kimenifungia nje."

Ubao hautanuki sana kwa urefu, hutanuka kwa upana. Zangu zilikuwa na upana wa milimita 90, safu 44 kuelekea mlangoni. Kila moja ikivimba theluthi tu ya milimita, jumla ni karibu 15. Nafasi ya ukuta unaotazamana na mlango ilimeza 10. Zilizobaki zikakwama kwenye miimo, zile nguzo mbili za pembeni za fremu, sakafu ikanyanyuka na kuubana mlango. Kuranda mlango kungeufungua, lakini sakafu ingebaki na nundu yake.

Nikang'oa safu ya mwisho. Nikaweka kipande cha ubao juu ya kipande cha povu kando ya mwimo: unene wa 14 na 2, milimita 16. Huo ndio urefu wa kukata, hauhitaji tepu. Msumeno wa meno madogo nikaulaza juu yake, nikakata fremu ya mbao za mkongo polepole, kina cha milimita 25. Mwimo wa pili msumeno ukalia: msumari. Nikamalizia kwa bleedi ya msumeno wa chuma niliyoizungushia kitambaa, jasho linadondoka kwenye vumbi jekundu. Chini, fremu ilikuwa imezama kwenye sakafu ya saruji, hivyo kilichobaki nilikichonga kwa patasi mpaka usawa wa saruji.

Mama alisimama pale muda wote. "Sasa unaikata fremu yangu?"

"Naikata mguu, mama."

Nikauingiza ubao mpya chini ya miimo yote miwili mpaka mwisho, nikaulaza, kisha nikaurudisha milimita 10 kwa chuma cha kuvutia na nyundo, ulimi ukazama. Milimita 15 zimejificha chini ya fremu, nyuma yake kuna 10 za kupumulia. Ukanda wa kizingiti niliupigia skrubu kwenye saruji tu, katikati ya unene wa mlango uliofungwa. Skrubu ikigusa ubao, umeuzuia tena kutanuka.

Mama akainama, akapitisha kucha pale ubao unapoingia chini ya fremu. "Kumbe ulikuwa unajua kufanya hivi?"

Nilikuwa najua. Februari nilikuwa na haraka, na mpaka leo sina uhakika kama ningemsikiliza mtu.

Kijana nilimpa kipande cha ubao, povu na msumeno. Akavitazama. "Nikikuta msumari je?"

"Utaukuta."